Mama Aliyewasomea kwa Sauti

Twyla Maddox hakuwaweka watoto wake nyumbani kwa sababu ya dini, ingawa kanisani walidhani hivyo naye hakujisumbua kukanusha. Wala haikuwa siasa, wala hofu ya bangi na bunduki, kama walivyosema wenzake wengi wa vilima vya kusini mwa Missouri walipoulizwa kwa nini hawapeleki watoto shule. Aliwafundisha nyumbani kwa sababu ya kula peke yake. Alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake alifanya kazi za zamu katika kiwanda cha kuku, na baba yake alikuwa dereva wa lori, wa kuonekana mara moja moja kama mvua ya kiangazi. Tangu akiwa na miaka saba Twyla alivaa ufunguo wa mlango shingoni. Akirudi shule alijifungulia, akafungua na kopo la supu, akala amesimama. Alipopata mimba ya kwanza alimwambia mumewe, "Wanangu hawatakula peke yao, hata siku moja." Garland, fundi wa nyaya za umeme na mtu wa maneno ya kuhesabika, akajibu, "Sawa." Masikini, hakujua kwamba alikuwa ameoa shule.

Na shule ilikuwa kweli. Kila asubuhi, vyombo vya chai vikishaondolewa, watoto walikaa kwenye meza ya mwaloni aliyoichonga Garland mwenyewe, na Twyla akafungua kitabu akawasomea. Wote pamoja, mkubwa kwa mdogo. Alisoma historia, alisoma maisha ya nyuki, alisoma hadithi za mabaharia na za wafalme, na sauti yake ilikuwa nzuri kiasi kwamba Garland, akiwa na siku ya mapumziko, alijifanya anatengeneza bawaba ya kabati ili asikilize. Mitihani Twyla hakuitaka hata kuisikia. Akimaliza sura alifunga kitabu, akamgeukia mmoja wao: "Haya, nirudishie." Mtoto akairudisha sura kwa mdomo wake, mwanzo hadi mwisho. Wengi wa watu hawa wanaosomesha nyumbani hufanya hivyo, na ni njia nzuri, tusije tukaonekana tunaitukana.

Watoto walikuwa watatu. Lydia alikuwa wa kwanza, msichana wa kutumwa popote. Wa pili Susannah, ambaye nyumbani aliitwa Zanna. Wa mwisho Ezra, aliyezaliwa Zanna akiwa na miaka saba. Kati ya Zanna na Ezra palikuwa na mtoto mwingine, ambaye hakuishi.

Katika kurudisha sura, Zanna hakuwa na mpinzani. Unamsomea ukurasa leo asubuhi, jioni anakupa neno kwa neno, hadi pale mama yake alipokohoa. Ijumaa, familia zinazosomesha nyumbani zilipokutana kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, akina mama walimwita mbele awasimulie vita vya zamani kama vile alikuwapo. Na hati yake ya kunakili ilikuwa safi kuliko ya wote. Twyla aliandika mstari mmoja juu ya karatasi, Zanna akaunakili chini yake mara sita, herufi zimesimama wima kama uzio mpya.

Sheria ya jimbo ilidai saa elfu moja za masomo kwa mwaka, mzazi aziandike mwenyewe, na hakuna mkaguzi wa kubisha hodi. Twyla aliziandika kwa uaminifu wa mtu anayejua Mungu anamtazama. Hakuongeza hata robo saa. Na juu ya sheria ya jimbo aliweka sheria yake: mkubwa humshika mkono mdogo. Asiyeelewa asaidiwe na aliyeelewa, maana katika nyumba hii hakuna anayeachwa peke yake. Lydia alimfundisha Zanna kusoma. Zanna naye, zamu yake ilipofika, alimfundisha Ezra. Kila mwaka akina mama vijana walipomwomba Twyla awaambie siri ya familia iliyoshikamana, jambo hilo ndilo alilolitaja kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: mama gani huyu asiyemsikia mtoto wake akisoma? Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa na jina, Bi Opal Renfro. Bi Opal alilea watoto tisa na kuwafundisha wote, na neno lake kwenye ukumbi ule lilikuwa kama neno la daktari. Zanna alipofika miaka sita na herufi bado zinamkimbia, Twyla alimwendea.

"Wa kwangu wa nne alisoma akiwa na miaka kumi na mmoja," Bi Opal alimwambia, akimenya pechi. "Leo ni mhandisi. Usilifungue ua kwa kucha, mwanangu. Mwache. Atasoma siku yake ikifika."

"Na isipofika?"

"Wewe nawe. Umeshaona mtu mzima asiyejua kutembea kwa sababu mama yake hakumsukuma?"

Wote wakacheka, Twyla naye akacheka, na akarudi nyumbani mzigo umemtoka. Mwaka uliofuata alipata mimba ya Ezra, daktari akamwamuru alale miezi minne bila kunyanyuka, asije akampoteza kama aliyetangulia. Lydia, mwenye miaka kumi na mmoja, ndiye aliyepika, akakusanya mayai, akamkalisha Zanna mezani na kitabu cha herufi. Siku moja akaingia chumbani kwa mama yake na kusema, "Mama, Zanna anasoma sasa." Twyla alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu, na hakuuliza tena. Ungeuliza wewe? Ua lilikuwa limefunguka.

Miaka ikaenda. Lydia akaolewa na kijana mpole wa Arkansas, akahama. Zanna akafika miaka kumi na sita bila leseni ya udereva, na katika nchi ile, ambako jirani yuko maili mbili na barabara ni changarawe tupu, binti wa umri huo asiyeendesha gari ni kama mfungwa. Kila alipoambiwa alikuwa na udhuru. Kuku wanaumwa. Kuna baridi. Mwaka kesho. Kisha daktari wa mifugo wa mjini, aliyemwona akimzalisha mbuzi wa jirani kwa mikono mitulivu, akasema angemchukua kazini siku tatu kwa wiki, na akifanya vizuri atamsaidia hata chuo, mradi ajilete mwenyewe kwa gari. Zanna aliitaka kazi hiyo mpaka akakosa usingizi. Udhuru ukaisha.

Kitabu cha sheria za barabarani walikisoma kama walivyosoma kila kitu. Twyla alikisoma kwa sauti, Zanna akiosha vyombo. Ndani ya siku nne Zanna alikuwa nacho chote kichwani.

"Basi la shule limesimama mbele yako, taa nyekundu zinawaka," Twyla alimtega.

"Nasimama. Siendi mpaka lianze kuondoka."

"Umbali wa kuegesha kutoka bomba la zimamoto?"

"Futi kumi na tano. Mama, uliza magumu basi."

Jumatano asubuhi walikwenda ofisi ya leseni. Mtihani ulikuwa kwenye skrini, mmoja mmoja, na mzazi alibaki nje ya mlango wa kioo. Twyla akakaa kwenye kiti cha plastiki akishona soksi ya Ezra. Alimwona Zanna kwa nyuma, mabega yamepanda hadi masikioni, akigusa skrini haraka haraka kama mtu anayeua sisimizi. Dakika sita tu akawa ametoka. Twyla akatabasamu, akadhani ni wepesi wa akili.

Ofisa wa leseni, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alitazama karatasi, kisha akamtazama Zanna kwa upole usio wa kawaida katika ofisi zile.

"Saba," alisema. "Kati ya ishirini na tano. Anatakiwa apate ishirini."

"Mashine yenu mbovu," alisema Twyla.

"Mashine nzima, mama. Sikiliza, arudi Jumanne. Tuna vile vya kuvaa masikioni, maswali unasomewa. Tunawapa wasiosoma vizuri. Wako wengi tu, wala si aibu."

Twyla alisogea hadi kwenye meza. "Binti yangu amemaliza historia ya Roma. Juzuu nne. Wa kwako amefika wapi?"

"Sawa, mama," ofisa alisema, akasukuma karatasi mbele. "Jumanne tuko wazi tangu saa mbili."

Ndani ya pikapu Twyla hakuwasha injini. Alikuwa bado ana hasira na yule mama, na kwa hasira hiyo akaanza kumuuliza Zanna maswali palepale, moja baada ya jingine. Alama ya pembe nane? Mvua inanyesha, umbali gani nyuma ya gari la mbele? Njia nne zinakutana, nani anatangulia? Zanna alijibu yote, kwa sauti ndogo, akitazama magoti yake. Hakukosea hata moja.

"Unayajua yote," Twyla alisema. "Zanna, yote unayajua. Kulikoni mle ndani?"

Zanna aliikunja karatasi ya majibu, akaikunja tena.

"Hakukuwa na wa kunisomea," alisema.

Kuna maneno yanayoingia sikioni na kukaa mlangoni kwanza, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Twyla aliyasikia, akageuza ufunguo, injini ikanguruma, akaizima tena.

"Unasema nini?"

"Sijui kusoma, Mama. Najua jina langu, na maneno kama hamsini hivi. Mengine naona tu yamekaa." Alianza kulia bila kutoa sauti. "Nilidhani unajua. Kuna wakati nilidhani unajua, ila hutaki tuseme."

Twyla hakumkumbatia. Baadaye lilimuuma hilo kuliko mengi, kwamba alikuwa na mikono miwili na yote ikashika usukani.

Nyumbani alimpigia Lydia simu akiwa amesimama kwenye ghala la kuni, ili asisikike. Lydia hakukana. Ilikuwa kana kwamba alikuwa ameketi karibu na simu miaka tisa akiingoja.

"Mimi ndiye niliyemsomea, Mama. Kila kitu. Ukitoa kazi ya kuandika naiandika mimi, ananakili. Tulikuwa tunafanya chumbani."

"Uliniambia anasoma. Ulikuja kitandani kwangu ukaniambia."

"Kabla ya hapo nilikwambia hasomi. Hukumbuki? Nilikwambia nimeshindwa, herufi zinamgeukia. Ukalia siku nzima. Baba akanipeleka uani akaniambia, 'Mama yako akilia hivi mtoto atatoka. Mpe habari nzuri.' Basi nikakupa." Sauti ya Lydia ikapanda. "Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Mama. Mwalimu gani ana miaka kumi na mmoja?"

Twyla hakukumbuka. Hilo ndilo lililomtisha. Alijipekua kichwani pote akitafuta siku ile ya kulia, hakuiona.

Waswahili husema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wamesahau kutuambia la kufanya na yule aliyefunzwa na mamaye, asubuhi na jioni, kwa mapenzi yote, saa elfu moja kwa mwaka kwa miaka kumi, na bado ulimwengu ukamkuta mikono mitupu. Twyla alizijumlisha saa hizo, akarudia kuzijumlisha. Zilikuwa za kweli zote. Alitamani angalau angekuwa mwongo au mvivu, maana mwongo hutubu na mvivu huamka. Yeye alitakiwa afanye nini?

Garland aliporudi Ijumaa kutoka kutengeneza nyaya zilizoangushwa na kimbunga, alikuta chakula mezani na mkewe amekaa pasipo kula. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Tumpeleke shule ya mjini. Wana mwalimu wa kazi hiyo."

"Watanicheka, Garland. Miaka yote hii nasimama mbele yao nawafundisha wenzangu."

"Wakucheke."

"Na wewe ulijua. Ulimwambia Lydia—"

"Nilimwambia asikulize. Sikujua kingine." Akashika kofia yake, akaizungusha mikononi. "Nilishazika mtoto mmoja, Twyla. Sikutaka kuzika wa pili."

Twyla alimwomba wiki tatu ajaribu mwenyewe kwanza. Alimkalisha Zanna peke yake na kitabu cha watoto wa miaka mitano, chenye paka na kofia na jua, na akamfundisha kwa subira ambayo ingelitoa jiwe machozi. Siku ya kumi Zanna alisoma ukurasa mzima bila kosa. Twyla akapiga makofi, akamwita Garland. Siku ya kumi na moja alilazimika kuinama kuokota kalamu iliyoanguka, na Zanna akanyamaza katikati ya mstari, akamngoja mpaka ainuke.

"Endelea," alisema Twyla kutoka chini ya meza.

"Siwezi nisipokuona."

Ndipo ikamjia kwamba binti yake hakuwa akisoma kitabu. Alikuwa akimtazama mdomo, unavyoanza kujikunja kwa herufi inayofuata, na nyusi zake zinavyoshuka akikosea. Miaka yote hiyo Zanna alikuwa amejifunza kusoma kitu kimoja tu, naye alikisoma vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

"Sifanyi makusudi," Zanna alisema. "Ukinifundisha wewe, nakuangalia wewe. Ukifurahi naona nimepata. Mama, nitafutie mtu asiyenipenda."

"Mwanangu."

"Sisemi kwa ubaya. Mtu ambaye nikikosea hataumia. Niweze kukosea tu, basi."

Twyla alisema sawa. Alitoka akaenda kusimama kwenye banda la kuku, akawa anajiambia kwa sauti ya kawaida kwamba amekwisha. Hakulia. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na kitu kimoja alichokifanya maishani, kile alichokataa kazi kwa ajili yake na kugombana na mama yake mzazi hadi akafa hawajasemezana, kilikuwa kimemlemaza mtoto aliyempenda sana. Angeweza kusamehewa, watu wangemsamehe hata Jumapili hiyo wakimwomba Mungu amtie nguvu. Lakini msamaha haumrudishii Zanna miaka kumi.

Jumatatu alimpeleka shule ya mjini, wakamwandikisha. Mwalimu wa kusoma alikuwa mwanamume kijana asiyetabasamu sana, na Twyla alimwona Zanna akimtazama usoni, akikuta hakuna cha kusoma pale, akashusha macho kwenye karatasi. Mama mtu akarudi peke yake. Kwenye sanduku la posta mwisho wa barabara palikuwa na barua ya Lydia. Aliifungua palepale, pikapu ikinguruma.

Ilikuwa fupi. "Mama, nisamehe, kwenye simu sikuwa na moyo wa kusema yote. Aliyemfundisha Ezra ni Zanna. Mpe Ezra barua hii aisome."

Twyla akaisoma mara tatu. Hakuna kilichokuwa kimefichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyempanga Zanna kwenye kazi hiyo, na yeye mwenyewe ndiye aliyewasimulia akina mama vijana habari zake.

Ezra alikuwa amekaa kwenye ngazi za mbele akimtoa mbwa kupe. Alikuwa na miaka tisa, na meno mawili ya mbele yalikuwa makubwa kuliko uso.

"Barua ya Lydia imekuja," Twyla alisema, akaketi kando yake. "Leo nisomee wewe."

"Zanna amekaa huko moja kwa moja?"

"Atarudi jioni. Soma, mpenzi wangu."

Ezra akafuta mikono kwenye suruali, akaipokea karatasi kwa heshima, akaikunjua, akakohoa kidogo kama mama yake anavyokohoa. Macho yake yakaanza kwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kwa mwendo mzuri.

"Wapendwa Mama na Baba na Zanna na Ezra," alisoma, kwa sauti ya Lydia kabisa. "Mimi sijambo. Huku Arkansas mvua imenyesha na maharage yameota. Nawakumbuka wote pale mezani." Akatua, akamchungulia mama yake usoni, akaona jambo ambalo halikumpendeza, akaendelea upesi zaidi. "Mama, usiwe na huzuni. Wewe ndiye mwalimu bora kuliko wote, na mimi nitakuja kuwaona wakati wa pechi."

Akageuza karatasi upande wa pili, ambao haukuwa na kitu, akaendelea kusoma.